Mzigo mzito, na Mnyamwezi ni mimi

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wenu mmoja amesema sisi wanawake tuliokuja kufundisha Marekani "tumeula". Naomba nafasi kidogo nieleze tunakula nini.

Nafundisha darasa la tano Maryland, mwaka wa 11 huu. Shuleni kwetu walimu wanawake weusi tuko wawili. Juzi, katikati ya kipindi cha hesabu za sehemu, mlango ukagongwa. Alikuwa mwalimu mwenzangu Mzungu, mtu mwema kabisa, amemshika mkono mtoto mweusi wa miaka minane. "Kaa naye kidogo, wewe anakusikiliza." Kosa lake? Amegoma kukaa kitini. Nikampa nafasi dirishani na karatasi yenye swali lilelile la ubaoni. Wanafunzi wangu bado wananong'ona, yeye akanyoosha kidole: robo tatu. Mtoto hakuwa mtundu. Alichoka kuwangoja wenzake.

Alikuwa wa nne kuletwa wiki hiyo. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na mimi ni Mnyamwezi kweli, kwa baba na kwa mama, ila sikujua methali ingenifuata mpaka huku.

Kazi hiyo hailipwi wala haiandikwi popote. Nimeomba unaibu wa mwalimu mkuu mara mbili. Mara ya pili jopo likaniambia niko imara kwenye nidhamu, lakini sina uzoefu wa kutosha wa kusimamia mtaala. Ningeupata saa ngapi? Wenzangu wakikaa kikao cha mtaala, mimi niko koridoni na watoto wa watu.

Nikitoka hapo nakuwa mama. Mwanangu wa mwisho anasoma darasa la pili shule nyingine. Mwezi uliopita nikaitwa: ana macho ya dharau. Miaka saba! Nyumbani tumemfundisha kuinamisha macho mbele ya mkubwa, shuleni wakamwambia mtazame mtu usoni, basi akatazama. Nilikalishwa nje ya ofisi kwenye kiti cha watoto, magoti karibu na kidevu, naongeleshwa polepole kana kwamba Kiingereza sikijui. Nilipotaja kwamba na mimi ni mwalimu, sauti zikabadilika na karatasi ya onyo ikarudi kwenye droo. Nilishukuru, kisha nikaudhika. Mama asiye mwalimu, karatasi ya mwanawe inakwenda wapi?

Nikiri jambo moja. Miaka ya mwanzo nilijitenga: hayo ni ya Wamarekani weusi, mimi Mtanzania. Aliyenitoa huko ni yule mwenzangu wa pili, mzaliwa wa South Carolina. Ndiye aliyeniambia kwamba Mahakama ya Juu ilipokataza mwaka 1954 kutenganisha wanafunzi kwa rangi, shule nyingi za weusi hatimaye zilifungwa, watoto wakapelekwa shule za Wazungu, na maelfu ya walimu wao wakabaki bila kazi. Leo walimu weusi ni kama 6 katika kila 100 wa shule za umma, wanawake kwa wanaume. Ndiyo maana mlango unaogongwa ni wangu.

Alinisimulia pia habari za Septima Clark, mwalimu mweusi wa Charleston, South Carolina, aliyefundisha miaka 40, akafukuzwa mwaka 1956 kwa kukataa kujitoa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi. Uzeeni akachaguliwa kuingia bodi ya shule za hukohuko. Mimi nilishika hapo penye bodi, maana ni pazuri. Mwenzangu akarudia sehemu nyingine: Septima alikuwa mjane, na mwanawe alilelewa na babu na bibi yake. Mwenzangu mwenyewe mwanawe humwona usiku, kashalala.

Wadogo zangu mnaojaza fomu za kuja huku, njooni. Mshahara upo, na watoto ni watoto. Ila siku ya usaili ulizeni: mwanafunzi akigoma kukaa, anapelekwa kwa nani? Jibu litakeni kwa maandishi.

Yule wa robo tatu amekuja tena leo asubuhi. Hakuletwa na mtu, na penseli alikuwa nayo mwenyewe.

Mama na mwalimu,
Maryland, Marekani
(Jina limehifadhiwa)