Shukrani kwa kijana wa stesheni ya Tabora

Mwaka huu kwetu Ujiji umekuwa na mengi. Tumemwoza kitinda mimba wetu, kijana wetu wa Mwanza kapata mtoto, na mzee wangu akapigwa na kiharusi. Sasa anatembelea mkongojo. Tulipokwenda kumwona mjukuu, ilibidi tubadilishe treni pale Tabora, reli inapogawanyika, tena usiku. Wewe kijana ulimshika mzee mkono taratibu, mkono wa pili umebeba dumu letu la mawese (zito, nalijua mimi!), ukatutafutia viti, ukashuka kabla hatujakuuliza jina. Hata hela ya soda ulikataa. Mwanangu, Mungu akuzidishie. Baba yako anakusalimu. Mawese yalifika salama, na mjukuu kaanza kusimama dede.