Je, nikiacha kuomba uponyaji nitakuwa nimepungukiwa imani?

Mpendwa Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa miaka 51, na kwa miaka 19 nimekuwa mwalimu wa kwaya katika kanisa letu. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu jambo linalonisumbua siwezi kulipeleka kwa mchungaji wangu kabla sijajua nitalisemaje, na kwa sababu yeye mwenyewe yumo ndani ya jambo hilo, ingawa najua hana nia mbaya nami.

Miaka mitatu iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe wa tezi shingoni. Uvimbe ulitoka salama, lakini nilipozinduka sauti yangu haikuzinduka pamoja nami. Daktari alinieleza kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti hupita nyuma ya tezi hiyo, kwamba wa upande mmoja ulikuwa umeumia, hatari ambayo nilikuwa nimeelezwa kabla ya kutia sahihi, na kwamba tungesubiri, kwa kuwa mara nyingine hupona wenyewe. Ila mwaka ukipita bila mabadiliko, tumaini hilo huwa dogo. Mwaka ulipita. Leo nina sauti ya kuzungumza, yenye mkwaruzo, ambayo huishiwa pumzi katikati ya maneno. Ya kuimba sina.

Mwaka ule niliomba kuliko nilivyowahi kuomba maishani. Nilifunga, nilikesha, nilipakwa mafuta na wazee wa kanisa kama Waraka wa Yakobo unavyoagiza, na siku nyingine niligombana na Mungu kwa maneno ambayo nisingependa kuyaandika hapa. Halafu, bila kupanga, maombi yale yakaanza kupungua. Sikukata tamaa, au ndivyo ninavyojiambia. Kulitokea jambo jingine.

Mtu anapoimba, sauti yake mwenyewe humziba masikio. Kwa miaka yote ile mimi ndiye niliyeibeba sauti ya kwanza, na wenzangu waliniegemea bila wao kujua, wala mimi kujua. Niliponyamaza, kwaya ilianza kushuka. Tulianza wimbo mahali pake na kuumaliza chini kabisa, hata besi wakawa wananguruma tu. Ilikuwa aibu ya miezi kadhaa. Lakini kwa kuwa sikuweza tena kuwaonyesha kwa kuimba, ilinibidi niwafundishe kusikiliza, kusoma nota na kutafuta noti yao wenyewe ndani ya kichwa kabla ya kufungua kinywa, na sasa wanasimama. Watoto ambao zamani niliwaona kama usumbufu wa Jumamosi wanasoma nota vizuri kuliko nilivyosoma mimi nikiwa na miaka 30. Yupo binti mmoja ambaye sasa ndiye anayeanzisha nyimbo, na sitaficha kwamba siku ya kwanza alipoanzisha wimbo niliouona kuwa wangu, nilitoka nje nikijifanya nakohoa. Wivu ule umekwisha, au umebaki kidogo tu.

Katika kipindi hicho nilisoma Zaburi ya 16, pale mwenye zaburi anaposema, "Kamba zangu zimeniangukia mahali pema, naam, nimepata urithi mzuri." Nilikuwa nimeusoma mstari huo mara nyingi bila kufikiri kwamba kamba zile ni za kupimia ardhi, yaani ni mipaka, na kwamba mtu huyu anamshukuru Mungu kwa shamba ambalo lina mwisho. Nilijiuliza kama ukimya wangu si kamba mojawapo. Tangu siku hiyo maombi yangu mengi yamekuwa ya shukrani, na kwa uaminifu nimekuwa na amani ambayo sikuwa nayo nilipokuwa nikisifiwa kila Jumapili.

Sasa nifike kwenye shida yenyewe. Viongozi wa kikundi chetu cha maombezi wanaamini kwamba nimeukubali ugonjwa. Wananinukulia sala ya Yabesi, aliyemwomba Mungu amzidishie hozi yake, yaani mipaka ya ardhi yake, naye akapewa, na kuniuliza ni nani aliyeniambia niridhike na shamba dogo. Miezi miwili iliyopita tulikuwa na ibada ya uponyaji. Niliitwa mbele, mchungaji na viongozi hao wakaniwekea mikono, kisha nikaulizwa mbele ya watu wote kama ninahisi kitu kimefunguka. Shingo ilikuwa na joto kwa sababu ya mikono ile. Zaidi ya hapo sikuhisi lolote. Nilitikisa kichwa kukubali. Watu walishangilia, wengine walilia, na mimi nikarudi kwenye kiti changu nikijua kwamba nimesema uongo madhabahuni bila kutamka neno hata moja. Yeyote anayenisikia nikizungumza anajua kwamba sauti ni ileile, lakini wameelezana kwamba uponyaji umeanza na utakamilika, na sasa wamenipangia kutoa ushuhuda katika ibada ya mwisho wa mwezi ujao.

Mume wangu anasema niwaambie tu ukweli, na kwake jambo limeishia hapo. Kwangu halijaishia hapo, kwa sababu mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa alinifuata baada ya ibada ile akaniambia kwamba kutikisa kichwa kwangu kumemrudishia imani. Nitamwambia nini mama huyu? Nikisema kwamba sikuponywa, je, sitakuwa nimemnyang'anya kitu anachokishikilia?

Na nyuma ya hilo lipo swali ambalo limeninyima usingizi zaidi. Maandiko yanaonekana kunivuta pande mbili. Paulo alimsihi Bwana mara tatu kuhusu mwiba wake, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu," naye akaacha kuuombea. Musa alipoomba avuke Yordani aliambiwa ikutoshe, asiseme tena jambo hilo. Lakini hao wawili waliambiwa. Mimi sijasikia sauti yoyote, nina amani tu, na amani yaweza kuwa uchovu uliovaa nguo nzuri. Upande mwingine yupo yule mjane wa Luka 18, ambaye Bwana mwenyewe alimtoa kuwa mfano wa watu wasioacha kuomba, na ambaye angekaa nyumbani akiridhika asingepata haki yake. Yupo pia Yakobo wa kitabu cha Mwanzo, ambaye ndiye anayenichanganya kuliko wote, kwa maana usiku ule aliposhindana mweleka na mtu aliyetoka kwa Mungu, alimshikilia akasema hatamwachia asipombariki, akabarikiwa, na akaondoka asubuhi akichechemea. Wanaoninukulia Yakobo huishia kwenye baraka. Mimi hutazama ule mguu, ambao sioni mahali popote panaposema kwamba aliomba uponywe.

Naomba basi unisaidie katika mambo haya. Mtu hutambuaje kwamba mpaka alio nao amewekewa na Mungu, na si woga wake au uvivu wake uliojipatia mstari wa Biblia? Kwangu swali hili si la nadharia, kwani sitakataa kwamba kufundisha nikiwa nimekaa ni rahisi kuliko kuimba mbele ya umati, na kwamba sehemu yangu moja ilifarijika kuachiliwa. Je, naweza kuacha kuombea sauti yangu bila kumtendea Mungu kama asiyeweza? Au yanipasa niendelee kuomba na kushukuru kwa pamoja, hata kama maombi yenyewe siku hizi nayatamka kama mtu anayetimiza zamu?

Na kuhusu ushuhuda, nafikiria kusimama siku hiyo niseme yote: kwamba nilitikisa kichwa kwa kuogopa macho ya watu, kwamba sauti haijarudi, na kwamba Mungu amenipa ndani ya ukimya huu vitu ambavyo sikuviomba. Ila naogopa kumwaibisha mchungaji wangu mbele ya waumini wake. Je, nimwendee kwanza faraghani, pamoja na viongozi wale, hata kama nahisi wataniomba ninyamaze au waniondoe katika ratiba? Na yule mama mwenye mtoto, je, nimtafute kabla ya siku hiyo ili asije akausikia ukweli huu akiwa ameketi katikati ya watu?

Ibada hiyo iko mbele yangu kwa wiki tano. Nitashukuru sana nikipata jibu lako kabla ya hapo.

Ni mimi,
Mwalimu wa kwaya asiyeimba