Kabla hujatia sahihi

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Barua yako ya ajira nimeisoma mara tatu hapa barazani, kisha nikampa mamako. Akasoma, akalia. Kwake yeye mambo yamekwisha: mtoto amepata kazi KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Mimi nina maneno kidogo, nataka yakufikie kabla hujatia sahihi.

Wajua nilianza kazi kwa wakala wa forodha pale Kilindini, bandarini Mombasa, mwaka 1991, miaka 4 kabla ya mamlaka yenyewe kuanzishwa. Siku hizo tulibeba mafaili kwapani kutoka dirisha hadi dirisha. Watu wa ushuru nimewaona kwa karibu, mimi nikiwa upande wa pili wa meza.

Faida zake siwezi kuzikana. Mshahara utaingia mwisho wa mwezi, raha ambayo mimi sikuipata; mzigo ukikwama bandarini, na chungu cha nyumbani kilikwama. Utapata bima ya matibabu na pensheni. Na kazi yenyewe ina utamu. Pale hupita mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo, na mtu akijua kusoma ankara huona nani anajenga, nani amebadilisha biashara, nani ameficha bei. Wewe tangu udogoni hesabu isiyolingana hukunyima usingizi. Hapo utafaa sana.

Taabu nazo zipo. Waweza kuhamishwa ukapelekwa Malaba au Moyale. Juni utatusahau, maana tarehe 30 mwaka wa fedha hufungwa, na siku hiyo hiyo ndiyo mwisho wa watu kuwasilisha ritani zao za kodi. Hayo yanavumilika.

Kinachonitia hofu ni watu. Juni 2024 vijana walipojaa Moi Avenue kuupinga Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi, uliona hasira ilivyokuwa. Mswada hutoka Hazina ukaenda Bungeni, lakini anayekuja kubisha hodi dukani ni mtoza ushuru. Utapita Marikiti, mwenye duka aliyekuwa akikupa ubuyu ukiwa mdogo atakuamkua vizuri, kisha mazungumzo yatakatika mpaka upite.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata mamako halijui. Mwaka 1998 tajiri wangu alinipa bahasha nimpelekee afisa mmoja. Tulikuwa na kontena la vitambaa, na bei iliyoandikwa kwenye ankara ilikuwa nusu ya bei ya kweli. Nami nilijua. Nikapanda ngazi, nikaiweka bahasha juu ya faili. Afisa alikuwa kijana, umri kama wako leo. Hakupaza sauti. Aliisukuma kwa ncha ya kalamu mpaka ikafika ukingoni mwa meza upande wangu, akaniuliza, "Una watoto?" Nikamwambia ninaye mmoja, wa miezi 7. Ndiye wewe. Akasema, "Basi rudi nayo." Nilishuka zile ngazi shati limenigandia mgongoni. Mzigo ukathaminiwa upya, mwenyewe akalipa ushuru uliobaki pamoja na faini, na mimi nikakatwa mshahara wa mwezi mzima. Mpaka leo nikimkumbuka yule kijana namwombea dua.

Wewe bahasha hutaletewa na mgeni kama mimi. Watakujia watu tuliokula nao pilau sahani moja, na hawatasema hongo. Watasema, "Nitazamie tu." Ukikataa utaambiwa cheo kimekupanda kichwani. Na huko kazini, kila baada ya miaka 2 utajaza fomu ya kutangaza mali, yako, ya mumeo ukiolewa, na ya watoto wenu wadogo. Nataka siku hiyo ukae uijaze na chai yako pembeni, usiwe na cha kukikwepa.

Rai yangu ni uichukue kazi. Ila mambo ya jamaa usiyabebe peke yako. Anayetaka njia ya mkato mwambie aje kwangu.

Nimeshaanza. Jana baada ya Magharibi ami yako alikuja, na kabla hajakaa akaniuliza lile gari lake la Japani utalitoa lini. Nikamwambia alipe ushuru na afuate foleni kama wenzake. Kahawa yake aliiacha nusu.

Babako