Ile picha haisafishiki mwanangu

Mambo vipi mwanangu,

Pole sana kwa laptopu. Picha ya huyo jamaa aliyeibeba nimeiona, na lile ombi lako nimelisoma, eti "wewe si mtu wa kompyuta, hebu ivute hiyo sura uisafishe kama wanavyofanya kwenye muvi". Haisafishiki bana. Na siyo kwamba naona uvivu au sina programu yake, hakuna mtu anayeweza, hata wale wapelelezi wa tamthilia ya CSI hawawezi, ni vile tu wameandikiwa waweze.

Sikia, picha ni vinukta, kila kinukta kina rangi yake moja basi. Sura ya huyo jamaa ilivyokuwa mbali na kamera, jicho zima limepewa kama kinukta kimoja hivi, sasa ukivuta unapata kinukta kilekile kikiwa kikubwa zaidi, hakuna pua imejificha nyuma yake inasubiri bosi wa polisi aseme "ikuze, isafishe" ndo itoke. Kwenye hizo tamthilia wanavuta mpaka wanaisoma namba ya gari ndani ya mboni ya shahidi aliyekuwa anapita zake. Hiyo kamera sijui wanaiuza wapi.

Najua utaniambia siku hizi AI inasafisha. Ndiyo, na hiyo inanitisha kuliko ya muvi, maana haisafishi, inakisia. Imeonyeshwa sura nyingi mno kwa hiyo ukiipa ukungu inakuchorea sura yoyote inayoweza kuendana na huo ukungu. 2020 kuna programu inaitwa PULSE, ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani, watu wakaipa picha ya Obama iliyopunguzwa mpaka ikabaki vijisanduku tu, wewe ukiiona hata kwa mbali unasema huyu Obama, yenyewe ikarudisha sura ya mzungu. Safi kabisa, ngozi inang'aa, mzungu. Haya niambie nikikupa sura ya namna hiyo ukaipeleka polisi, si kuna mtu hata hajui kama una laptopu atalala ndani?

Vituko vingine vya hizi muvi mi sina ugomvi navyo kabisa. Kompyuta kulia tii tii tii kila herufi ikitokea, sawa. Wale wawili wa tamthilia ya NCIS wanaotaipu kwenye kibodi moja kwa pamoja ili wamuwahi mdukuzi, mikono minne, halafu bosi wao anachomoa waya na kesi imeisha, ile naiangalia mpaka leo nikitaka kucheka. Au ile ya 1996, Independence Day, wageni wametoka sayari huko wana meli kubwa kama mji, jamaa anaingia na laptopu yake anawawekea kirusi na kinakubali! Wakati mimi faili langu mwenyewe la zamani halifunguki kwenye programu mpya ya kampuni ileile. Hata zile anuani za intaneti za vipande vinne vya namba vyenye nukta katikati, wanaweka namba kama 748 wakati kila kipande mwisho wake ni 255, nadhani wakati mwingine ni makusudi, kama zile namba za simu za 555 kwenye muvi za Marekani, ili isije ikawa ya mtu kweli akasumbuliwa usiku.

Ninachogombana nacho ni jinsi wanavyoonyesha wizi wenyewe. Kijana mmoja, kofia ya sweta kichwani, vidole vinakimbia, na paswedi inapatikana namba moja moja, ya kwanza inatulia, ya pili inatulia, muziki unapanda. Hakuna kufuli la hivyo mwanangu. Kufuli likikuambia umepatia namba ya kwanza bado tatu, basi namba ya siri ya tarakimu 4 unaipata kwa kujaribu mara 40 tu hata ukiwa na bahati mbaya kuliko wote, lakini likisema ndiyo au hapana tu, bila kukuambia umekosea wapi, una 10,000 za kupitia na kabla hujafika popote limeshajifunga. Yaani kile kitu cha kwanza ambacho fundi yeyote anahakikisha hakipo ndicho muvi nzima inakitegemea.

Na ujue kuna muvi iliyopatia na kukosea humo humo. WarGames, 1983. Mwishoni ile kompyuta ya jeshi inatafuta msimbo wa siri wa kurushia makombora herufi moja moja, yale yale. Ila mwanzoni huko, dogo anapoingia kwenye kompyuta ya shule abadilishe maksi, hatumii ujanja wowote, paswedi ameikuta imeandikwa kwenye karatasi ofisini. Hapo ndo penyewe! Watu wengi wanakumbuka makombora, karatasi wameisahau.

Angalia Benki Kuu ya Bangladesh, Februari 2016. Wezi walituma maagizo ya kuhamisha karibu dola bilioni moja kutoka kwenye akaunti ya hiyo benki kule New York. Unajua waliingiaje? Imeili. Mtu anajifanya anaomba kazi, anatuma kiungo cha wasifu wake, mfanyakazi anafungua, kwisha. Halafu wakakaa humo kimya karibu mwaka mzima wakisoma benki inavyofanya kazi, wakasubiri wikiendi na sikukuu zipangane vizuri ili huku wakilala kule wamefunga. Zikaondoka dola milioni 81 kwenda Ufilipino. Nyingine milioni 20 za kwenda Sri Lanka zikakwama, na hazikukwamishwa na mtaalamu wa skrini sita, ni kwamba waliandika "fandation" badala ya "foundation" mtu wa benki akashtuka akauliza. Sasa hiyo nani ataitengenezea muvi, mwaka mzima mtu anasoma imeili za watu.

Nakuambia hivi kwa sababu nakujua, akili yako yote iko kwenye hiyo sura, wakati huyo jamaa hahitaji kuwa na kipaji chochote, anahitaji wewe umsaidie. Inawezekana kabisa wiki hii ukapata meseji nzuri, eti laptopu yako imepatikana, bonyeza hapa uweke paswedi yako tuthibitishe ni ya kwako. Usibonyeze. Akipiga simu anajiita wa huduma kwa wateja mwache aongee, namba ya siri yoyote usimtajie hata akikuambia jina lako kamili, jina lako si liko kwenye laptopu.

Kwa hiyo leo, kabla hujalala, chukua simu badilisha paswedi ya imeili kwanza, hiyo ndo mama wa zote, halafu utafute pale pa kutoka kwenye vifaa vyote ubonyeze, za benki zifuate. Na lile boksi la laptopu kama hukulitupa, ubavuni kuna stika yenye namba ya mashine, ipige picha unitumie na ipeleke polisi pamoja na hiyo picha ilivyo, na ukungu wake.

Nipigie ukimaliza ya imeili, hata kama ni usiku.

Ni mimi, mshikaji wako