Kitambaa cha gauni langu

Manyatta, Kisumu

Mpendwa Nafula,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Mama anakusalimu na anasema mchele wa Ahero uliomwagiza uko tayari, hajapata tu mtu wa kuuleta Nakuru, maana kila dereva wa matatu anamtilia shaka. Dhumuni la barua hii, kama tulivyofundishwa shuleni, ni kukugombeza.

Nimesikia kwa watu kuwa wasichana watakaokusindikiza siku ya harusi wameshapimwa nguo. Nimesikia pia jina langu lilikuwepo, likatolewa, ati nisije nikachoka. Nani alikwambia nimechoka? Najua si roho mbaya, ungekuwa nayo tungeachana tangu bwenini. Lakini tangu nilipokueleza kuwa ugonjwa umefika kwenye mifupa, unanisemesha kwa sauti ya wodini, halafu unatuma pesa kwa M-Pesa bila hata neno moja la udaku. Pesa asante. Udaku ndio ninaokudai.

Basi nikueleze vizuri, maana kwenye simu tulilia tu.

Hii iliyoko kwenye uti wa mgongo na nyonga ni kansa ileile ya titi. Haijageuka kansa ya mifupa, wala sina kansa mbili kama anavyotangaza jirani yetu. Seli zilihama zikaenda kukaa huko, na bado zinalishwa na homoni, ndiyo sababu nimepewa dawa za kuikata hiyo homoni badala ya kurudishwa kwenye kemo. Kila baada ya siku 28 nachomwa sindano ya tumbo, chini ya kitovu. Ni nene, dada, usiiangalie. Inaacha kitu kama punje ya mchele chini ya ngozi, nacho kinazima polepole ovari zinazotoa hiyo homoni. Jioni nameza letrozole, kidonge cha kukata homoni inayobaki. Kisha kuna dripu ya kuimarisha mifupa, na kabla sijaianza nilipelekwa kwanza kwa daktari wa meno, kwa sababu ukishakuwa kwenye hiyo dawa, kung'oa jino kunaweza kukuharibia taya. Nimefunguliwa mdomo mpaka masikio kwa ajili ya titi ambalo hata sinalo tena!

Ovari zikizimwa, hedhi inakoma. Kwa hivyo mimi na Mama sasa ni rika moja. Usiku joto linatupanda wote wawili, yeye na miaka yake 54, mimi na 31, tunagombania feni moja, na Kisumu unaijua. Juzi akaniambia, "Mimi nilingoja zamu yangu, wewe umeruka foleni." Tulicheka mpaka akakaa chini. Suala la watoto ndilo sijaweza kulichekea. Na yule bwana aliyekuwa akija Jumapili haji tena. Tuliache hapo.

Uliniuliza nitamaliza dawa lini. Simalizi, Nafula. Hatua ya nne, yaani kansa iliyosambaa kama yangu, inatibiwa, haiponi. Nitameza hii mpaka ugonjwa uizoee, wanibadilishie nyingine, na baadaye nyingine. Skani ndiyo inayosema. Wako wanaoenda hivyo miaka mingi, na wako ambao hawakufika mbali. Mimi daktari hakunitajia muda na sikumwuliza. Siku za kungoja majibu sipokei simu ya mtu yeyote, usichukulie vibaya. Nyonga iliponizidi nilipelekwa Eldoret kwa mionzi. Haikuwa ya kuponya, ilikuwa ya kuondoa maumivu ili nilale, na nikalala. (Siku hizi hata hapo Nakuru ipo, kwa hivyo jiandae kupata mgeni.) SHA, bima ya afya ya serikali, inalipa, lakini kiwango cha mwaka kikikaribia kuisha ndipo tunaanza kupiga hesabu kama tutangulize sindano au skani. Na sibebi maji. Nikishika tu mkono wa ndoo, Mama anatokea sijui kutoka wapi na kuninyang'anya.

Kinachonichosha hasa ni Oktoba, mwezi wa kampeni za kansa ya titi. Mwaka jana niliitwa mahali kutoa ushuhuda, riboni za pinki kila kona. Dada mwenye orodha akaniuliza nilimaliza matibabu mwaka gani. Nikamweleza. Akatazama karatasi yake, akasema labda muda hautatosha. Walitaka mtu aliyegundua mapema akapona, na si vibaya, watu wapimwe. Ila hata mimi niligundua mapema! Nilikatwa titi, nikamaliza kemo, nikapigiwa vigelegele kanisani, na bado ilirudi. Ilirudi tu. Hakuna nilichokosea, na nimechoka kuulizwa kama nilikuwa nakula vizuri.

Sasa tuje kwenye harusi yako. Sitabeba sufuria, na ngoma za kuchutama mtacheza bila mimi. Wakati wa hotuba nitakaa kwenye kiti, nawajua wajomba zako na maikrofoni. Nitafika siku mbili kabla, kwa sababu safari ya Kericho inanivunja mgongo, nami nahitaji kitanda chenye godoro gumu na mtu wa kunieleza ukweli wote kuhusu mama mkwe wako.

Vipimo hivi hapa, mpe fundi. Kifua 38 nikiwa nimevaa titi langu la kufuma, kiuno 34, nyonga 43, usiseme kitu. Shingo ya gauni isishuke sana. Mkono wa kushoto asiubane hata kidogo, huwa unavimba upande huo tangu waliponitoa tezi za kwapani. Rangi yoyote isipokuwa pinki. Kama mmeshanunua kitambaa cha pinki, basi nitavaa, lakini maneno yangu utayasikia mpaka keki ikatwe.

Wako,
Adhiambo