Pasaka njema, hasa kwako unayeogopa kurudi mikono mitupu

Mbukwenyi, ndugu zangu wa Dodoma, Mpwapwa, Kongwa, Bahi na Kondoa, na nyinyi mlio mbali. Kristo amefufuka!

Sikukuu imetukuta mvua zikielekea ukingoni. Uwele na mtama vinakomaa, karanga mbichi zinachemshwa kila mtaa, na stendi imejaa watu wanaokuja kula Pasaka na wazazi.

Ila wapo ambao hawatapanda basi, ingawa nauli wanayo. "Nitaendaje nyumbani mikono mitupu?" Na walioacha kusali nao wana yao: "Nitarudi nikijipanga." Mmoja hajamaliza ahadi ya ujenzi wa kanisa, mwingine anaishi na mwenzake bila ndoa, mwingine aligombana na watu wa jumuiya na sasa anaona aibu. Siku 40 za Kwaresima zimekwisha, bado wanajipanga.

Kwao nawaletea Luka 15, habari ya mwana mpotevu. Kijana yule alidai urithi baba yake akiwa hai. Kwa sisi wa nchi ya wafugaji, kumdai mzee fungu lako la ng'ombe naye bado anapumua ni kumwambia usoni kwamba umechoka kumngojea afe. Akapewa. Akatapanya, njaa ikaingia, akaishia kutamani maganda waliyokula nguruwe. Ndipo akatunga maneno ya kwenda kumwambia baba, na ya mwisho yalikuwa haya: nifanye kama mmoja wa watumishi wako.

Baba alimwona angali mbali, akaenda mbio. Mzee wa heshima hakimbii ovyo. Huku kwetu ukimwona mzee anakimbia, unajua kuna moto au mifugo imeibiwa. Huyu alikimbia, akamwangukia mwanawe shingoni, akambusu, mtoto hajasema lolote. Kijana akaanza kukiri kosa lake, lakini lile ombi la kufanywa mtumishi hakulifikia. Baba alishageukia watu wake kuagiza vazi, pete, viatu na ndama aliyenona. Kila nikisoma, nasimama hapo. Toba yake ilikuwa ya kweli, ikatosha. Deni alilopania kulilipa kwa kazi ya mikono, baba hakutaka hata kulisikia.

Nilimshuhudia mzee mmoja wa Chamwino akimpokea mwanawe aliyepotelea mjini miaka mingi. Mzee wa Kigogo hatoki bila fimbo yake. Siku hiyo fimbo ilibaki imeegemea ukuta, naye akavuka uwanja huku miguu ikimtetemeka, akamshika kijana mkono, akaita ndani kwamba maji ya kuoga yapashwe moto. La begi wala la zawadi hakuliuliza.

Na kaka mkubwa, aliyekasirika akagoma kuingia, baba alimtokea nje vilevile, akamsihi. Sisi ambao hatujakosa ibada tumsogelee mwenzetu anayeingia leo, tumpishe kwenye benchi. Alikokuwa atasimulia mwenyewe akipenda.

Baba uliyenuna, usingoje kijana aanze, mpigie wewe. Nawe kijana, Jumatatu ya Pasaka bado ni sikukuu, mabasi yapo na treni ipo. Kama huna cha kubeba, njoo hivyo hivyo. Nawatakia nyote Pasaka njema, na walio njiani Mungu awafikishe salama.