Sanaa ya mpakani ionwe mahali pake

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wasomaji kwa nini sanaa ya video na ya kusimika vitu, pale Tijuana, Meksiko, haiwezi kutenganishwa na mpaka wenyewe wa Meksiko na Marekani. Mwaka 1997 msanii Marcos Ramírez, ajulikanaye kama ERRE, alisimamisha kwenye kituo cha kuvukia mpaka cha San Ysidro farasi mkubwa wa mbao, kama yule wa hadithi ya Troya aliyeficha askari wavamizi, ila mwenye vichwa viwili, kimoja kikitazama Marekani na kingine Meksiko, hata waliokuwa kwenye foleni ya magari wasijue nani anamvamia nani.

Lakini kazi iliyonigusa zaidi ni ya msanii Krzysztof Wodiczko, mwaka 2001. Wanawake wa viwandani walivaa kifaa kichwani chenye kamera na maikrofoni, na picha za nyuso zao zikamulikwa papo hapo juu ya kuba la Kituo cha Utamaduni cha Tijuana, huku wakisimulia mbele ya umati dhuluma za kazini na kipigo cha nyumbani. Uso mmoja, midomo ikitetemeka, ulijaa kuba zima. Kazi hiyo ikihamishiwa katika ukumbi wa makumbusho ya mbali, nadhani hubaki kumbukumbu tu.

Wenu,
Msomaji